ATM ya mtumba: kwenye lile sanduku kinauzwa nini hasa?

Benki moja mtaani kwetu ilipofunga tawi lake, ATM iliyokuwa imepachikwa ukutani ilitolewa mchana kweupe. Vijana wanane, mabomba ya kuviringishia, kanta imerudi kinyumenyume hadi kwenye ngazi, na mlinzi mwenye bunduki ambaye uso wake ulionyesha kwamba naye hajui analinda nini. Watu tukajaa. Muuza vitumbua akasema pesa bado zimo, ndiyo maana ni nzito. Dereva wa bodaboda akapinga: pesa hazimo, ila taarifa zetu zote zimo, na atakayeinunua atajua nani ana ngapi. Kijana mmoja, ambaye alishaona matangazo ya ATM zilizotumika kwenye simu yake, akauliza swali lililo bora kuliko yote: "Sasa mtu kama mimi nikiinunua, nikaiweka dukani, itatoa hela?"

Biashara ya ATM za mtumba ipo, ni halali, na ina miaka mingi. Uingereza peke yake ilikuwa na ATM takriban 70,000 karibu mwaka 2015. Leo hazifiki 50,000, kwa sababu watu wanalipa kwa kadi na simu. Mashine zinazoondolewa hazipotei hewani. Wapo wanaozinunua kwa jumla, wakazifungua, wakabadilisha vilivyochoka, wakaziuza tena kwa benki ndogo, kwa wenye maduka katika nchi zinazoruhusu, na kwa mafundi wanaosaka vipuri. Tatizo ni kwamba anayesikia "ATM inauzwa" huwaza benki ndogo inauzwa. Kumbe sivyo.

Wakala wa chuma

Mwangalie wakala wa pesa za simu chini ya mwavuli wake. Unamtolea shilingi 50,000 kwa simu, floti yake inapanda, anafungua droo na kukupa noti. Noti zile ni zake. Hajui una akiba kiasi gani, wala hahitaji kujua. Anachosubiri ni ujumbe mmoja tu kwamba muamala umekubaliwa.

ATM inafanya kazi hiyohiyo. Ukiingiza kadi na namba ya siri, mashine haiamui chochote. Inafungasha ombi lako, inalituma hadi kwenye kompyuta za benki yako, kisha inasubiri. Jibu likiwa "mpe", inahesabu noti. Likiwa "usimpe", inakurudishia kadi na kale kakaratasi kanakotia uchungu. Salio lako linakaa benki. Mashine huliona pale tu unapoomba kulisoma.

Sasa wakala huyo akistaafu, akakuuzia meza, mwavuli, droo na kibao chake, umeshakuwa wakala? Hujawa. Laini ya wakala huna. ATM ya mtumba ni meza na mwavuli: meza ya gharama, nyingine ina uzito wa karibu tani, lakini laini ya uwakala haimo ndani yake.

Kuna nchi ambako mtu binafsi anaweza kuipata hiyo "laini". Marekani ndiyo mfano mkubwa. Tangu Aprili 1996, mitandao mikubwa ya kadi iliporuhusu wenye ATM kuwatoza wateja ada yao wenyewe kote nchini, mwenye baa au kituo cha mafuta anaweza kununua mashine ndogo ya kilo mia hivi, akafunga mkataba na kampuni ya kuchakata miamala inayodhaminiwa na benki, kisha akajaza noti za mauzo yake mwenyewe. Mteja akitoa dola 100, benki ya mteja inazirudisha kwenye akaunti ya mwenye baa pamoja na ada, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Mashine mpya ya aina hiyo huuzwa dola 2,000 hadi 3,000 hivi, na iliyotumika huwa chini ya hapo, ndiyo maana soko la mitumba huko limechangamka. India nayo mwaka 2012 iliruhusu kampuni zisizo benki kuweka ATM zao, na ya kwanza ikafunguliwa mwaka uliofuata.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inataka anayetoa huduma ya malipo awe na leseni ya Benki Kuu. Kwa hiyo yule kijana jibu lake ni hili: itawaka, skrini itaonyesha picha, pengine hata risiti itatoka. Hela haitatoka.

Mashine nne ndani ya sanduku moja

Neno "imekarabatiwa" linaficha mengi. Ukiambiwa Fuso imekarabatiwa unafikiria injini, bodi, matairi, na unajua pa kupigapiga kwa kiganja. ATM ni mashine nne zilizofungwa pamoja, kila moja inazeeka kwa kasi yake: sefu, kihesabu noti, kompyuta, na vitufe vya namba ya siri.

Sefu ipo sehemu ya chini na ndiyo inayoleta ule uzito. Haichakai. Ya miaka 20 iliyopita inafaa leo vilevile, mradi kufuli lake liwe zima na namba zake zijulikane. Tutairudia mwishoni kwa sababu inawaponza watu.

Kihesabu noti ndicho kinachochoka kama miguu ya mchukuzi. Ndani ya sefu kuna makasha marefu yanayoitwa kaseti, mara nyingi manne, kila moja likibeba noti 2,000 na zaidi. Noti zimesimama kwa ukingo, zimebanwa kwa springi. Katika mashine nyingi za benki, vikombe vidogo vya mpira hunyonya noti ya mbele, vikaitoa na kuikabidhi kwa mikanda na roli zinazoipeleka juu. Mashine ndogo nyingi za madukani hazinyonyi. Zinaivuta noti kwa msuguano wa roli. Njiani kuna jicho la kupima unene. Noti mbili zikishikana, jicho linashtuka na zote zinatupwa kwenye kasha la kukataliwa, mashine ikaanza upya. Ule mngurumo mrefu unaousikia wakati umesimama ukiomba Mungu, mara nyingi ni hilo tu: inakataa na kuhesabu tena.

Joto na vumbi hukausha mpira, noti zetu hubeba jasho na mafuta ya kupikia, na nyingine zimekunjwa mara nane ndani ya kanga. Anayekarabati kwa dhati hubadilisha vikombe, roli na mikanda yote, husafisha macho, kisha huipitisha mashine noti kwa maelfu kabla ya kuithibitisha. Asiye wa dhati hupuliza vumbi kwa kompresa na kupaka rangi. Kwa nje zinafanana kabisa.

Jambo moja huwashangaza wengi: ATM ya kutoa pesa tu haisomi thamani ya noti. Inahesabu vipande. Imeambiwa kwamba kaseti ya pili ina noti za 10,000, nayo inaamini. Aliyejaza akikosea akatia za 10,000 kwenye kaseti ya 5,000, mteja wa kwanza ataondoka na tabasamu, na ofisi itakesha ikitafuta upungufu. Inachokijua mashine kwa uhakika ni ukubwa na unene wa noti iliyowekewa.

India walilijua hilo kwa uchungu. Tarehe 8 Novemba 2016 serikali ilizifuta noti za rupia 500 na 1,000 kwa usiku mmoja na kuleta mpya zenye vipimo tofauti. ATM takriban 200,000 zikawa hazina uwezo wa kutoa hizo mpya mpaka fundi aifikie kila moja, afungue, arekebishe kaseti na programu. Ilichukua wiki kadhaa, huku foleni zikizunguka mitaa. Kenya nayo ilipotoa noti mpya mwaka 2019, benki zililazimika kuzirekebisha mashine zao kabla hazijaanza kuzitema.

Ndiyo maana video ya muuzaji wa ng'ambo inayoonyesha mashine ikitoa dola inathibitisha jambo moja tu, kwamba inatoa dola. Kaseti lazima zipangwe kwa vipimo vya shilingi, na jaribio la maana ni la noti zetu zilizozunguka sokoni, siyo karatasi za majaribio zilizonyooka kama shati la harusi. Kwa zile zinazopokea amana mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hizo husoma noti kweli: zinahitaji kielelezo cha kila noti ya nchi husika ndani ya programu yao. Kama kielelezo cha shilingi hakipo, upande wa kuweka pesa umekufa hata kama kila roli ni mpya.

Mwili mzima, akili ya zamani

Kwa nini basi benki inauza mashine inayong'aa? Mara nyingi ni kwa ajili ya kompyuta. Ndani ya ATM, juu ya sefu, kuna kompyuta ya kawaida kabisa, na nyingi zinaendeshwa na Windows kama ile ya kafe ya intaneti. Microsoft iliacha kuhudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na wakati huo ATM nyingi duniani zilikuwa zinaitumia. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ya kawaida ikaachwa tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa yapo matoleo maalumu ya mashine yanayohudumiwa kwa muda mrefu zaidi. Kila tarehe ya namna hiyo huisukuma sokoni mizigo ya ATM ambazo miguu yake ni mizima ila kichwa kimepitwa.

Kadi za chipu zilifanya vivyo hivyo. Marekani, Mastercard kuanzia Oktoba 2016 na Visa kuanzia Oktoba 2017 ziliweka kanuni kwamba kadi bandia ikitumika kwenye ATM isiyosoma chipu, hasara inamwangukia mwenye ATM. Ghafla mashine zinazosoma utepe wa sumaku pekee zikawa mzigo wa moto, na nyingi zikaingia kwenye maghala ya mitumba.

Kompyuta hubadilishwa: unang'oa ya zamani, unaweka mpya, unanunua leseni ya programu, unafunga kisoma chipu. Lakini kwa mifano mikongwe sana gharama hiyo hupita bei ya mashine nzima. Hapo mtumba wa bei nafuu unakuwa kama simu unayoipata kwa elfu ishirini, halafu unaambiwa kioo chake ni laki moja.

Ndani ya kompyuta hiyo ndimo hofu ya yule wa bodaboda inapopata nusu ya ukweli. Akaunti na masalio hayamo. Lakini mashine hutunza daftari la matukio: saa ngapi, kiasi gani, kadi ipi, noti ngapi zilikataliwa. Linahitajika ukienda kulalamika kwamba ulikatwa na hela hazikutoka. Mashine za zamani, hasa zile ndogo za madukani, ziliandika namba ya kadi nzima. Marekani mtaalamu mmoja wa usalama alinunua ATM ya baa kwa dola 750 kupitia tangazo la mtandaoni, na ndani akakuta namba za kadi zaidi ya 1,000. Mashine za sasa hufunika sehemu kubwa ya namba, kama unavyoona nyota kwenye risiti.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ukarabati wa kweli inatakiwa ifanyike kabla hata winchi haijaja: diski inatolewa, inaharibiwa au kufutwa kitaalamu, na maandishi ya kuthibitisha yanabaki na benki. Wengi wetu tumeshauza simu bila kufuta picha, tunajua jinsi inavyosahaulika. Tofauti ni kwamba benki ikisahau, picha ni za wengine, na sheria za kulinda taarifa binafsi zipo: Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Sanduku la VICOBA

Vitufe unavyobonyeza namba ya siri vina heshima ya peke yake. Ni kifaa kilichozibwa, chenye kompyuta yake ndogo ndani. Namba yako ikibonyezwa, inafungwa humohumo kwa ufunguo wa siri, ambao si wa chuma bali ni namba ndefu, kabla haijafika kwenye kompyuta kubwa, hivyo hata Windows iliyo pembeni yake haiioni ikiwa wazi. Ufunguo huo huwekwaje? Fikiria sanduku la VICOBA lenye kufuli tatu na funguo mikononi mwa watu watatu. Benki nayo huugawa ufunguo mkuu vipande viwili au vitatu, kila afisa akaingiza cha kwake bila kukiona cha mwenzake. Siku hizi benki nyingi huutuma kwa mtandao kwa njia maalumu, lakini kanuni ni ileile: mtu mmoja hawi nao mzima.

Kifaa kikifunguliwa kwa bisibisi, kinajifuta. Betri ndogo ndani hulinda kumbukumbu ile, na kikihisi kimechokonolewa, ufunguo hutoweka na kifaa kinabaki plastiki na chuma. Ndiyo maana fundi wa kawaida hakitengenezi. Kinabadilishwa kizima, au kinarudishwa kwenye karakana yenye kibali cha kazi hiyo. Muuzaji akikwambia "vitufe vya awali, vya benki ileile, vinafanya kazi", ujue kwamba vitahitaji ufunguo mpya kutoka benki itakayokupokea, na benki hiyo itauliza kwanza kama vinakidhi viwango vya leo. Vya miaka mingi huwa havikidhi. Kipuri hiki kimoja kimeua mauzo mengi.

Na wezi je? Hofu kwamba mhalifu anaweza kununua ATM na kuitumia kutega watu siyo ndoto. Mwaka 1993, kwenye jumba la maduka la Buckland Hills, mji wa Manchester, jimbo la Connecticut, matapeli walisimamisha ATM yao wenyewe. Kazi yake ilikuwa kunakili kadi na namba za siri. Zilipopatikana za kutosha, zikatengenezwa kadi bandia. Angalia lakini kwamba hawakuhitaji chochote kilichobaki ndani kutoka kwa mwenye mashine wa zamani. Walichonunua ni sura ya kuaminika. Meza na mwavuli vilitosha, wateja wakajileta wenyewe.

Mfano wa pili una faida zaidi kwa mnunuzi. Mwaka 2010 huko Las Vegas, mtafiti Barnaby Jack alisimama jukwaani na ATM mbili za aina ya madukani, akazifanya ziteme noti mbele ya ukumbi. Moja aliifungua sehemu ya juu kwa ufunguo wa aina moja unaofungua mashine nyingi za mfano huo, akachomeka kifaa kidogo chenye programu yake. Sefu hakuigusa. Watengenezaji walitoa marekebisho baada ya hapo, ila mashine ya mtumba inaweza kuwa ilikuwa imezimwa ghalani miaka yote hiyo bila kupewa hata moja. Kufuli la juu, lile linaloonekana la kitoto, libadilishwe, na programu isasishwe kabla haijajazwa noti.

Kabla ya kutuma fedha

Tangazo la "ilivyo", yaani inauzwa kama ilivyo bila kutengenezwa, na tangazo la "imekarabatiwa" ni bidhaa mbili. Ya kwanza inaweza kukosa kaseti, na kaseti zikinunuliwa mojamoja hugeuka deni. Uliza zipo ngapi. Uliza mashine ni ya kujazwa mbele au nyuma, ya kusimama ndani au ya kupachikwa ukutani, maana ya ukutani inataka ukuta uvunjwe na sakafu iwe ya kubeba uzito huo. Ghorofa ya pili ya jengo la zamani isiwazwe. Uliza inatumia umeme wa volti ngapi, hasa ikitoka Marekani.

Suala la forodha limekuwa gumu zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka kati ya nchi, taka zote za kielektroniki, hata zisizo na sumu, zinatakiwa kupata idhini ya nchi inayozipokea kabla hazijasafirishwa. Mashine iliyopimwa ikaonekana inafanya kazi inaweza kuingia kama bidhaa iliyotumika. Ambayo haijapimwa, imefungwa hovyo na imepangwa juu ya nyingine kama kuni, inaweza kuhesabiwa taka, na mwenye mzigo akabaki bandarini akilipia siku. Ripoti ya majaribio, yenye namba ya mashine husika, ina thamani kuliko rangi mpya.

Tuirudie sefu. Namba za kufuli huwa anazo mtu mmoja au wawili, na tawi likifungwa watu hao huhamishwa, hustaafu, husahau. Mashine hupita kwa dalali wa kwanza, wa pili, wa tatu, sefu ikiwa imefungwa na kaseti zikiwa ndani yake. Muuza vitumbua wetu angesema hapo ndipo penye bahati. Kwa kweli kinachokuwamo ni kaseti tupu, na kuzifikia unamlipa fundi wa kutoboa sefu, kisha unanunua kufuli jipya. Uone mlango ukifunguliwa kwa namba mbele yako au kwenye video ya siku hiyohiyo. Sefu isiyofunguka ni chuma kizito ambacho kuta zake mara nyingine zimejazwa zege gumu, na hata mnunuzi wa chuma chakavu hukizunguka mara mbili, akauliza kina kilo ngapi, akaenda zake.